Nani alikuambia pale A0000 pana RAM?

Mioyo ilianza kutokea kwenye skrini. Mioyo midogo myeusi, kila mmoja na rangi yake ya nyuma: bluu, kijani, nyekundu, zambarau, na pembeni ya kila moyo alama nisiyoielewa, ya kahawia juu ya bluu. Ishirini kila mstari, mistari yote 25. Kerneli yangu, yaani kiini cha mfumo endeshi ninaouandika mwenyewe, ilikuwa na wiki tatu tu tangu niianze, na usiku ule ilitakiwa ichape mstari mmoja unaosema kumbukumbu iko tayari. Haikuchapa. Ilijaza mioyo, ikanyamaza.

Nilipiga picha nikamtumia rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na vifaa vidogo vya kielektroniki, mtu aliyenitangulia kwa miaka mingi kwenye mambo haya. Hakuuliza habari ya skrini. Aliuliza, "Mdogo wangu, mgawaji wako wa kurasa anafahamu nini kuhusu anwani A0000?"

Mgawaji wa kurasa ni sehemu ya kerneli inayogawa kumbukumbu kwa vipande vya kilobaiti 4, kila kimoja ukurasa, na A0000 ni anwani ya kumbukumbu iliyoandikwa kwa heksadesimali. Nikamwambia hapo hapajatengwa, kwa hiyo nimepahesabu kuwa huru.

"Nani alikuambia pana RAM?"

"Hakuna aliyesema hapana, kaka."

"Na nani amesema ipo?"

Nikarudi kwenye ramani ya kumbukumbu. Kompyuta inapowashwa, CPU haijui ina RAM kiasi gani wala ipo kwenye anwani zipi. Anayejua ni famwea, ile programu iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mama, kwa sababu ndiyo iliyoiamsha RAM yenyewe na kugawa anwani kwa vifaa. Kerneli inapoingia inakuta nyumba imeshapangwa, na inapewa karatasi moja tu inayoeleza kilichopo. Kwenye BIOS, famwea za PC za zamani, unaipata kwa kuita interapti ya 15h (ombi kwa BIOS) huku rejista ya EAX, kihifadhi kidogo ndani ya CPU, ikiwa na namba E820, na jina hilo, E820, limebaki kwenye kerneli ya Linux mpaka leo. Kila mstari wa ramani una anwani ya mwanzo, urefu na aina. Aina ya 1 ni huru, ya 2 imetengwa, ya 3 ni majedwali ya ACPI (mfumo wa kusimamia umeme na vifaa) unayoweza kuyafuta ukishayasoma, ya 4 ni ya ACPI na usiiguse kamwe, ya 5 ni RAM mbovu.

Ramani niliyopewa na QEMU, emuleta (programu inayoiga kompyuta nzima) yenye RAM ya megabaiti 128, ilikuwa na mistari sita. Naikumbuka kwa kichwa:

00000000 hadi 0009FBFF, huru
0009FC00 hadi 0009FFFF, imetengwa
000F0000 hadi 000FFFFF, imetengwa
00100000 hadi 07FDFFFF, huru
07FE0000 hadi 07FFFFFF, imetengwa
FFFC0000 hadi FFFFFFFF, imetengwa

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Kutoka A0000 hadi EFFFF hakuna aliyeandika chochote. Mimi nilianza kwa kuhesabu kila ukurasa kuwa huru, kisha nikaweka alama kwenye iliyotengwa. Jumla ya kumbukumbu niliipata kwa kuangalia mwisho wa mstari wa mwisho, ambao ni FFFFFFFF. Kwa hesabu hiyo mashine ya megabaiti 128 ikawa ya gigabaiti 4, na kerneli ikaanza kujenga majedwali ya kurasa (yanayoieleza CPU kila ukurasa uko wapi kwenye RAM) ya kutosha gigabaiti 4, yaani majedwali 2,048, ikiyaweka kwenye kurasa za chini kwenda juu, moja baada ya jingine.

Jedwali moja likaangukia B8000. Hapo ndipo yalipo maandishi ya skrini ya VGA, kiwango cha zamani cha skrini za PC. Kila herufi ya skrini inachukua baiti mbili, moja ya alama na moja ya rangi, na kila ingizo la jedwali la kurasa kwenye mfumo wa biti 64 lina baiti nane, yaani herufi nne. Baiti ya kwanza ya kila ingizo langu ilikuwa 03, maana yake ukurasa upo na unaandikika. Kwenye seti ya herufi ya PC za mwanzo, alama ya 03 ni moyo. Baiti inayofuata ina sehemu ya anwani, inayobadilika kila ukurasa, na skrini iliisoma kama rangi. Jedwali moja lina baiti 4,096, skrini nzima ina baiti 4,000. Nilikuwa natazama jedwali langu la kurasa, lote kasoro maingizo 12.

Kuna jambo lililoniogopesha zaidi ya mioyo, nalo nililigundua baadaye. Kabla ya B8000 kuna kurasa 24, kutoka A0000 hadi B7FFF, ambazo nazo zilipewa majedwali. Skrini ikiwa kwenye hali ya maandishi, ukiandika huko hakuna kinachobaki. Majedwali 24 yalipotea bila kelele, na kama lile moja lisingeangukia kwenye skrini ningeendelea kuandika kerneli juu yake kwa mwezi mzima.

Nilibadilisha siku ileile. Kurasa zote zinaanza zikiwa zimeshikwa, na mstari wa aina ya 1 ndio pekee unaoweza kuzifungua. Ramani ikikaa kimya, mimi sina changu pale. Ile jumla ya gigabaiti 4 sikuigusa, kwa sababu ramani ya biti ya gigabaiti 4, biti moja kwa kila ukurasa wa kilobaiti 4 (0 ni huru, 1 umeshikwa), ni kilobaiti 128 tu, nami nikaona si kitu. Nilikosea.

Wiki mbili baadaye nilitaka kerneli isome faili. Njia rahisi ni kumwambia loda, programu inayopakia kerneli, abebe kifurushi cha tar (faili moja lililobeba faili nyingi), akiweke kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli, kisha aiachie kerneli anwani yake. Loda alifanya hivyo. Kerneli ikafungua kifurushi, ikatafuta neno "ustar" ambalo hukaa baiti ya 257 ya kichwa cha kila faili, ikasema hakuna kitu.

Siku tatu nilishughulika na msomaji wa tar. Niliandika upya namna ya kusoma namba za okta (za msingi wa nane) zinazotumika kwenye tar, nikabadilisha kifurushi, nikakitengeneza kwenye mashine nyingine. Siku ya nne nikaacha kubahatisha, nikaandika fanksheni ya kumwaga baiti 64 za mwanzo za kifurushi kwenye skrini, nikawa naisogeza nyuma, hatua kwa hatua, kutoka kwa msomaji wa tar kuelekea mwanzo kabisa wa kerneli. Kabla ya kuandaa kumbukumbu, jina la faili langu la kwanza lilikuwapo, linasomeka vizuri. Mara tu baada ya kuandaa kumbukumbu nikaona hivi: baiti 20 za 00, halafu baiti 22 za FF, halafu 00 mpaka mwisho.

Nilikaa nikaitazama muda mrefu. Baiti 20 ni biti 160. Kurasa 160 za kilobaiti 4 ni kilobaiti 640. Hapo moyo ulinipiga, maana kilobaiti 640 ndio mpaka wa kumbukumbu ya chini ambao kila aliyewahi kugusa PC anaujua. Ile haikuwa takataka. Ilikuwa ramani yangu ya biti, imekaa juu ya kifurushi. Zile FF 22 nikazihesabu: 12 ni kurasa 96 za pengo kati ya A0000 na mwisho wa megabaiti ya kwanza, 6 ni kurasa 48 za kerneli, 4 ni kurasa 32 za ramani ya biti yenyewe. Hesabu ikatimia bila kubaki hata biti.

Kerneli ilianzia 100000 na kuishia 12FFFF. Mimi niliweka ramani ya biti 130000, mara tu baada ya kerneli, kwa sababu E820 ilisema pale ni huru. Loda naye alikuwa ameweka kifurushi 130000, kwa sababu ileile. Na wote wawili tulikuwa sahihi kwa mujibu wa karatasi tuliyopewa! Famwea iliandika ramani yake kabla loda hajaanza kazi. Haijui habari ya kifurushi, haijui kerneli imekaa wapi, haijui ramani yenyewe imenakiliwa wapi. "Huru" maana yake famwea haina shughuli na hapo. Haina maana kwamba hakuna mtu.

Tangu hapo naweka orodha mbili. Ya kwanza inaeleza RAM ilipo, na chanzo chake ni famwea. Ya pili inaeleza kilichoshikwa: kerneli, kifurushi, mstari wa amri ulioachwa na loda, ile ramani aliyoileta, staki (kumbukumbu ya kazi ya muda) ninayoitumia sasa hivi. Ukurasa unatolewa ukiwa kwenye orodha ya kwanza na haumo kwenye ya pili. Nilipofungua msimbo wa Linux nikakuta hivyo hivyo, chini ya jina memblock: upande mmoja kumbukumbu, upande mwingine iliyoshikwa, na vyote vinajazwa kabla mgawaji halisi hajaanza kazi. Nilifurahi, lakini pia nilisikitika kwamba sikuusoma mapema.

Nilikuwa nataka kufunga kompyuta nikalale, nikakumbuka zile baiti 20 za 00. Zilikuwa nyingi mno. Rudi kwenye mstari wa kwanza wa ramani: huru mpaka 9FBFF. Ukurasa wa mwisho chini ya kilobaiti 640 unaanzia 9F000. Kilobaiti zake tatu ni huru, moja imetengwa, na katika hiyo moja BIOS huweka data zake za ziada. Ukurasa hauwezi kugawanywa, lakini mimi nilikuwa napandisha mwisho wa eneo huru hadi mpaka wa ukurasa unaofuata, kwa hiyo nikajichukulia ukurasa ambao robo yake ni ya BIOS. Ilitakiwa nione baiti 19 za 00, kisha 80, ambayo ni ile biti moja ya ukurasa wa 159.

Kanuni ikawa hii: eneo huru linapunguzwa, mwanzo wake unasogezwa mbele na mwisho wake unarudishwa nyuma. Eneo lililotengwa linapanuliwa pande zote mbili. Mistari miwili ikipandana, iliyotengwa inashinda. Linux inafanya jambo la aina hiyo inaposafisha jedwali la E820, ambapo panapogongana aina yenye namba kubwa ndiyo inayochukuliwa. Nikaongeza na langu, ukurasa wa sifuri hautolewi kwa mtu yeyote, kwa hiyo baiti ya kwanza ikawa 01. Ile "01, sifuri kumi na nane, 80" nimeiandika kwenye jaribio linaloendeshwa kila ninapokompaili.

Miezi baadaye nikasoma kwamba Linux, tangu toleo la 5.13 la mwaka 2021, inatenga megabaiti nzima ya kwanza kwenye mashine za x86 (PC za Intel na AMD), bila kujali ramani inasema nini, kwa kuwa kuna BIOS zinazoandika huko hata zikisema ni huru. Nami nikafanya vivyo hivyo. Megabaiti moja haina thamani ya usiku hata mmoja wa kutafuta kosa la namna ile.

Basi nikanunua laptopu iliyotumika, yenye UEFI, famwea ya kisasa iliyochukua nafasi ya BIOS, nikiamini yaliyo magumu nimeyamaliza.

UEFI haina E820. Loda anaita GetMemoryMap, anapewa ramani pamoja na namba inayoitwa ufunguo wa ramani, kisha anaita ExitBootServices akionyesha ule ufunguo. Ukikubaliwa, famwea inaondoka jukwaani na mashine inakuwa yako. Kwenye emuleta nilikwama mapema kidogo: maelezo ya mstari mmoja wa ramani yana baiti 40, nami nilikuwa naruka baiti 40 kwa kila mstari. Mstari wa kwanza ulisomeka vizuri. Wa pili ukadai kuna eneo linaloanzia anwani ya 7. Aina ya 7 kwenye UEFI ni kumbukumbu huru, kwa hiyo nilikuwa nasoma aina mahali pa anwani, nimebaki nyuma kwa baiti nane. Famwea inakuambia yenyewe ukubwa wa kila mstari, na ya kwangu ilisema 48. Waandishi wa EDK II, msimbo ambao famwea nyingi zimejengwa juu yake, wameongeza ukubwa huo kwa makusudi na wameandika sababu ndani ya msimbo: ili watu wasifanye hesabu ya pointa (anwani) kwa ukubwa wanaoudhani. Nawashukuru kwa moyo mkunjufu. Kosa lile lingejificha kwenye emuleta, likanitokea kwenye mashine ya mtu.

Kwenye laptopu skrini ikawa nyeusi. Emuleta ilikuwa inafika mpaka mwisho, laptopu haikufika popote wala haikutoa kosa. Kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kuona, nilianza kuchora miraba ya rangi moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya picha: wa njano kabla ya ExitBootServices, wa kijani baada yake, mwekundu ikikataliwa. Ukatokea wa njano, kisha mwekundu.

Ufunguo ulikuwa umechakaa. Kati ya kuchukua ramani na kuondoka, mimi nilikuwa naichapa ramani kwenye skrini ili niione, na kwenye laptopu ile kule kuchapa kulifanya famwea iombe kumbukumbu kwa ajili yake. Kumbukumbu ikiombwa, ramani inabadilika, na ufunguo wa zamani haufungui. Kibaya zaidi, nilipokataliwa nilikuwa naita fanksheni ya famwea ichape neno "imeshindikana". Ukishaita ExitBootServices mara ya kwanza, hata ikikataa, famwea inaweza kuwa imeshafunga baadhi ya vitu vyake. Kinachoruhusiwa ni huduma za kumbukumbu peke yake. Ujumbe wangu wa kosa ndio ulioigandisha mashine.

Sasa nachapa kwanza, ninachotaka kuchapa chote. Kisha naomba nafasi ya ramani ikiwa na ziada ya mistari kadhaa, maana kule kuiomba nafasi yenyewe kunaweza kuongeza mstari. Kisha nachukua ramani na kuondoka bila kugusa kitu katikati. Nikikataliwa nachukua ramani tena palepale, kwenye nafasi ileile, najaribu tena. Mraba wa kijani ulitokea siku ileile.

Kilichobaki kilikuwa saa. UEFI inaacha huduma chache ambazo kerneli inaweza kuziita wakati wote, na ya kusoma saa ni mojawapo. Msimbo wa huduma hizo ni aina ya 5 kwenye ramani, data zake ni aina ya 6. Nilizihifadhi zote mbili. Aina ya 3 na ya 4, msimbo na data za wakati wa kuwasha, kanuni za UEFI zinasema ni zako ukishaondoka, nami nikazichukua. Nikaita SetVirtualAddressMap ili famwea ihamie kwenye anwani zangu mpya, mashine ikaanguka na kosa la ukurasa, yaani CPU imetafuta anwani isiyo kwenye majedwali yangu. RIP, inayoonyesha amri iliyokuwa inatekelezwa, ilikuwa ndani ya eneo la aina ya 5. CR2, inayoonyesha anwani iliyotafutwa, ilikuwa ndani ya eneo la aina ya 4.

Nililisoma mara tatu. Famwea ilikuwa inarudi kwenye nyumba iliyosema imehama. Nilidhani nimekosea mimi, kwa sababu mara zote zilizotangulia nilikuwa nimekosea mimi. Safari hii nilikuta tatizo hili limeshatambuliwa zamani. Linux tangu mwaka 2011 inashikilia maeneo ya aina ya 3 na ya 4 mpaka SetVirtualAddressMap ikamilike, ndipo inayaachia, kwa sababu kuna famwea zisizofuata kile kilichoandikwa. Nikaziweka aina zote mbili kwenye orodha yangu ya pili, nikaandika majedwali ya kurasa yazijue, na mstari wa kuziachia nikausogeza chini kabisa.

Ilikuwa usiku, saa nne na dakika 47 kwa saa yangu ya mkononi. Laptopu ikawaka, mraba wa njano, mraba wa kijani, kisha ramani yote, mistari tisini na ushee, na chini yake kerneli ikachapa 19:47. Zile saa tatu za tofauti ni kwa kuwa laptopu ilihesabu kwa UTC, saa ya ulimwengu, na sehemu hiyo niliiachia siku iliyofuata.